Uzi: Usalama wa mtunza simba na chui uko mlangoni

Zamu ya Asubuhi (mwanzisha uzi)

Wadau, kamwene. Walio upande wa Rungwe na Kyela, mugonile.

Nane Nane zikifika pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, banda la wanyama hai ndilo linalojaza watu. Kila mtu anamtazama simba. Safari ijayo naomba mumtazame na yule kijana mwenye ndoo ya nyama na fagio. Muangalie kama yuko peke yake, funguo zake ziko wapi, na kama kuna mwenzake anayemwona anapopotelea nyuma ya kizimba. Uzi huu nauandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya vijana humu jukwaani wanaoulizia ajira kwenye bustani za wanyama na mashamba ya wanyamapori ya watu binafsi. Wanauliza mshahara, wanauliza cheti cha vyuo vya wanyamapori vya Pasiansi au Likuyu Sekamaganga. Sijaona aliyeuliza kizimba kina milango mingapi.

Nimewahi kulisha na kusafishia simba na chui kwa mwajiri mmoja huku nyanda za juu kusini. Simtaji. Niliyoyaona pale, pamoja na taarifa za ajali za wenzetu wa nchi nyingine ambazo nimekuwa nikizifuatilia, yamenifikisha kwenye jambo moja ninaloliamini kabisa. Ukali wa simba tunaujua sote, na hakuna anayeingia kazini akidhani ni mbuzi. Kinachoua watunza wanyama ni mlango uliodhaniwa umefungwa, kwenye kazi iliyopangwa hivi kwamba mtu mmoja akisahau, basi.

Naanza na Afrika yetu. Februari 2024, Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo kule Ile-Ife, Nigeria, mtunza simba mzoefu aliuawa na simba aliyekuwa amemhudumia kwa takriban miaka tisa. Ilielezwa kwamba mlango haukuwa umefungwa baada ya kulisha. Simba naye akauawa siku hizo hizo. Miaka tisa ya kumjua mnyama haikuziba pengo la kufuli moja.

Machi 2013, California, Marekani, binti wa miaka 24 aliyekuwa akijifunza kazi aliingia kusafisha uwanja mkubwa wa simba huku simba mwenyewe akiwa kwenye kizimba kidogo cha kulia chakula. Mlango wa kile kidogo haukuwa umeshuka hadi chini. Simba aliuinua kwa mguu, akatoka. Tarehe 30 Desemba 2018, North Carolina, karibu yaleyale: watu walidhani simba yuko upande wa pili, kumbe mpira mkubwa wa kuchezea ulikuwa umekaa kwenye njia ya mlango ukauzuia kufunga. Binti mwingine, naye mwanafunzi wa kazi, akafa. Majaribio ya kumchoma simba sindano ya usingizi yakashindwa, na mwisho wake akapigwa risasi ili mwili uweze kutolewa.

Uingereza, Mei 2013, bustani moja huko Dalton, Cumbria: chui milia (tiger) wa Sumatra alimuua mtunza wake. Mlango ulitakiwa kujirudisha wenyewe, na kile kifaa cha kuurudisha kilikuwa kibovu. Kampuni ilikiri kosa mahakamani na mwaka 2016 ikatozwa faini. Hapo mnaona kwamba mtu anaweza kufanya kila kitu sawa na bado akafa kwa sababu ya springi ambayo hakuna aliyeikagua. Nyuzilandi, Septemba 2015, bustani ya Hamilton: mtunza aliingia uwanjani peke yake wakati mlango wa banda la chui milia ulikuwa wazi. Baada ya kifo hicho bustani ikaanza utaratibu wa watunza wawili badala ya mmoja. Baada ya kifo, ndugu zangu. Cologne, Ujerumani, Agosti 2012, mlango tena. Florida, Aprili 2016, mtunza aliingia sehemu ya banda la usiku ambayo ilikuwa imewekewa alama kwamba chui milia anaifikia.

Nimezipanga hivi ili muone zinavyofanana. Hakuna hata moja iliyotokea wakati wa jambo la kutisha, kama kumhamisha mnyama au kumtibu. Kwenye kazi hizo watu wako wengi, daktari yupo, bunduki ipo, na kila mtu macho kodo. Watu wanafia kwenye kufagia.

Habari kama hizi zikifika kwetu, maoni ya kwanza huwa "alizembea". Neno hilo silikubali. Chukua mtu anayefungua na kufunga milango sita kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya mara 2,000. Mtafute binadamu anayefanya jambo mara 2,000 bila kusahau hata mara moja, huku ana homa, huku mtoto anaumwa nyumbani, huku bosi anapiga simu kwamba wageni wamefika na wanataka kumwona simba akila. Hutampata. Kwa hiyo kazi inatakiwa ipangwe kwa kuamini kwamba mtu atasahau, na akisahau kuwe na kitu cha pili kitakachomkamata kabla ya simba.

Sasa nieleze asubuhi inavyotakiwa kwenda.

Kabla ya kugusa kufuli lolote, hesabu wanyama. Kama ni simba watatu, uone simba watatu kwa macho yako, na uhesabu kwa sauti ili mwenzako asikie. Ukiona mkia nyuma ya gogo, hujamwona simba. Ukisikia ngurumo ndani ya banda, hujamwona simba. Huku kwetu hili ni gumu kuliko Dar es Salaam. Juni na Julai, ukungu wa Uporoto au wa Mufindi ukishuka huwezi kumwona ng'ombe aliye hatua chache mbele yako, sembuse chui aliyejilaza. Msimamo wangu ni kwamba ukungu ukiwepo hakuna kuingia, hata kama wageni wako getini. Usafi unasubiri jua.

Baada ya kuhesabu, unawahamisha kwa chakula kwenda banda la ndani, na mlango wa kuteremsha unashushwa ukiwa nje kabisa kwa waya na kapi. Hapo ndipo North Carolina walipoangukia, kwa hiyo hapo ndipo pa kutulia. Usiridhike na mlio wa chuma kugonga. Tembea hadi mahali unapoona mlango umegusa sakafu pande zote, kisha komeo liingie, kisha kufuli. Reli za milango hii zinajaa tope na majani wakati wa masika, na kwenye baridi chuma chenye kutu kinakwama katikati. Reli isafishwe kila siku, na kitu chochote kinachoweza kubingirika kisiwekwe karibu na mlango.

Halafu anakuja mtu wa pili. Mimi nimeshusha, nimefunga. Yeye anapita palepale na kushika kufuli kwa mkono wake, analivuta, anahesabu wanyama upya bila kuniuliza mimi nimepata wangapi. Kisha anatia kufuli lake juu ya langu, ufunguo anabaki nao yeye. Mlango ule haufunguki tena mpaka sisi wawili tuwe nje na kila mmoja atoe lake. Kufuli la pili ni bei ya kilo chache za nyama. Nimewahi kuambiwa kwamba ni kupoteza muda. Inachukua dakika mbili.

Kuingia uwanjani kuwe kwa chumba cha katikati chenye milango miwili ambayo haifunguliwi kwa pamoja kamwe: unaingia, unafunga nyuma yako, ndipo unafungua wa mbele. Ukiwa ndani, mwenzako yuko nje anakuona muda wote, ana redio call, na hachezi na simu.

Kulisha sasa. Nyama haipitishwi kwa mkono, hata kwa simba aliyezeeka asiye na meno. Ipite kwenye mfereji au kwa koleo ndefu. Desemba 2006, San Francisco, chui milia jike alimkamata mtunza mkono kupitia kwenye nondo, mbele ya wageni waliokuja kutazama chakula cha mchana. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Desemba 2007, mnyama yuleyule aliruka nje na kumuua kijana mgeni. Ukuta wa mbele ulikutwa na urefu wa takriban mita 3.8, wakati kiwango kilichopendekezwa kilikuwa mita 5. Hiyo ni moja ya chache ambako ukuta wenyewe ulishindwa. Ila ule mkono wa 2006 ni onyo kwa kila anayesimama karibu na nondo. Chorweni mstari wa rangi sakafuni, mbali kuliko simba anavyoweza kufika akinyoosha mguu wote nje, na mtu asivuke mstari akiwa ameinama au amegeuka. Chui ni mbaya zaidi hapa. Mguu wake ni mwembamba, unapita mahali ambapo ungeapa kwamba haupiti, na yeye hangurumi kwanza.

Na jambo la pombe, naliandika bila kumung'unya maneno kwa sababu nawajua watu wangu. Msimu wa ulanzi kule Iringa watu wanakunywa tangu asubuhi. Mtu aliyekunywa asishike ufunguo, na mwenzake asione aibu kumnyang'anya.

Nitarudi kujibu maswali.

---

Mnyalukolo wa Kihesa

Mkuu uzi mzuri lakini umewatia watu hofu kupita kiasi. Simba akilelewa kuanzia mtoto, ukamnyonyesha chupa, anakujua kama ng'ombe anavyomjua mchungaji. Nimeona video nyingi wenyewe wanalala nao. Shida ni hawa wanaoletwa wakiwa wakubwa. Mnyama anajua anayempenda.

---

Zamu ya Asubuhi

Kamwene kaka. Naomba nikujibu kwa heshima, maana wazo hili ndilo ninaloliogopa kuliko kufuli bovu.

George Adamson pale Kora, Kenya, aliishi na simba kuliko karibu mtu yeyote aliyewahi kuandikwa. Simba wake mmoja, Boy, alikuwa amezoea watu tangu udogoni. Mwaka 1971 Boy huyohuyo alimuua mfanyakazi wa kambi, mtu aliyemwona kila siku. Adamson ikabidi ampige risasi simba aliyemlea. Mwaka 2020 huko Limpopo, Afrika Kusini, mwenye nyumba ya wageni aliuawa na simba jike weupe aliokuwa amewachukua wakiwa watoto na kuwalea mwenyewe. Na yule wa Ile-Ife nimeshamtaja.

Sikatai kwamba simba anamjua mtu. Anakujua kwa harufu, kwa hatua, kwa sauti ya ndoo yako. Nimewaona wakija kusugua shingo kwenye nondo nikifika, na ningedanganya nikisema haikunigusa moyo. Lakini kukujua hakumwondolei mwili wake. Simba dume ana kilo 150 hadi 200 na ushee. Akicheza na simba mwenzake humrukia na kumng'ata shingo, na mwenzake ana ngozi nene na manyoya. Akicheza na wewe vilevile, umekufa, bila yeye kuwa na hasira yoyote. Ukijikwaa, ukianguka, ukigeuka ukaondoka haraka, au ukiwa umechechemea, kuna kitu kinaamka ndani yake ambacho hakiulizi ni nani.

Kuna jambo jingine. Kumpenda mnyama kunamwua mnyama pia. Katika hizo ajali nilizozitaja, simba wa Ile-Ife, wa California na wa North Carolina, na chui milia wa Cologne, wote waliuawa. Mtunza anayempenda simba wake kweli anafunga mlango mara mbili.

---

Mama Wawili Uyole

Mwanangu wa pili amepata kazi sehemu yenye wanyama, mkoa sitaji. Amenitumia picha ameshika mkia wa chui kupitia kwenye wavu, anacheka. Nimeshindwa kulala. Yeye anasema mama usijali ni mpole. Mimi sina elimu ya mambo haya. Nimuulize nini ili nijue mahali alipo ni salama? Na akiumia, nani anahusika?

---

Zamu ya Asubuhi

Shikamoo mama. Pole kwa kukosa usingizi, na wasiwasi wako ni wa haki.

Mpigie umuulize haya taratibu, kwa sauti ya mama anayetaka kujua kazi ya mwanawe. Mko wangapi mnapofungua kizimba? Akikuambia yuko peke yake, hilo peke yake linatosha kumwambia aongee na msimamizi wake leo. Funguo zinakaa wapi usiku, na nani mwingine anazo? Mnyama akitoka, mnafanya nini, na mmewahi kufanya zoezi? Mtu aliyefundishwa atakujibu hapohapo: atasema wageni wanaingizwa kwenye jengo gani, nani anaita kwenye redio, nani ana bunduki na amefunzwa kuitumia. Akianza kucheka au kusema "haijawahi kutokea", basi hawajafundishwa. Muulize pia kama kuna siku alipewa mafunzo yoyote ya maandishi kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Mweleze kwamba bunduki ya dawa ya usingizi haimwokoi mtu aliyekwisha kushikwa. Dawa inahitaji dakika kadhaa, mara nyingi kumi au zaidi, na mnyama aliyepandwa na jazba huchelewa hata zaidi kulala. Vijana wengi wanadhani ile bunduki inazima simba kama swichi.

Kuhusu mkia wa chui: aache. Na kama amewahi kuparuzwa au kung'atwa hata kidogo, mwambie asifiche. Meno ya paka wakubwa hutoboa tundu dogo lenye kina, juu panaonekana pamepona na chini usaha unajaa, kwa sababu midomo yao ina bakteria wabaya kwenye majeraha. Aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, siyo duka la dawa. Apate dawa za bakteria, pepopunda, na daktari aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa kinazuilika kabla ya dalili. Dalili zikianza, hakuna dawa. Kama damu inatoka nyingi, kwanza kabisa kandamiza kwa kitambaa kwa nguvu na usiachie mpaka mfike.

Nani anahusika: mwajiri. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na inamtaka mwajiri ahakikishe kazi haimdhuru mfanyakazi. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mwajiri wa sekta binafsi anatakiwa asajiliwe na achangie yeye, bila kumkata mfanyakazi. Mwanao aulize kama jina lake lipo. Aulize pia kama mahali hapo pana kibali cha kuweka wanyamapori chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Asiye na kibali cha mnyama hatakuwa na kufuli la pili.

Mama, akikataa kuuliza kwa kuogopa kufukuzwa, niandikie inboksi. Nitamsaidia namna ya kuliweka kwa msimamizi bila ugomvi.

---

Mama Wawili Uyole

Ndaga fijo, asante sana mwanangu. Nampigia jioni akitoka kazini.

---

Tungamalenga Kwetu

Wakuu mnaongelea simba wa kufungiwa. Sisi huku Idodi na Pawaga simba hana kizimba, Ruaha iko hapo tu. Watoto wanachunga, wanawake wanakwenda kuchota maji. Hakuna wa kutuwekea makufuli mawili. Mtuambie na sisi.

---

Zamu ya Asubuhi

Umesema kweli mkuu, na pale ulipo unaishi jirani na moja ya makundi makubwa ya simba yaliyobaki duniani. Mambo yenu ni mazito kuliko ya mtunza wa bustani, kwa kuwa hamkuchagua kazi hiyo.

Ninayoyajua kwa uhakika ni haya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 563 Tanzania na kujeruhi zaidi ya 308, wengi wao kusini, Lindi, Mtwara na Rufiji. Watu walikuwa wakivamiwa zaidi pale nguruwe pori walipokuwa wengi na wanyama wengine wa mawindo wachache, kwa sababu mkulima analala shambani kwenye dungu kulinda mazao na simba anamfuata nguruwe. Utafiti mwingine wa 2011 ulionyesha kwamba hatari hupanda siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za giza mara baada ya jua kuzama. Kwa hiyo kwenye kalenda ya kijiji hizo ni jioni za kuwarudisha watoto na mifugo mapema, na za kutokwenda mtoni mtu mmoja.

Wazee wa Njombe wanakumbuka simba wa miaka ya 1930 na 1940, waliosakwa na bwana wanyama George Rushby hadi 1947. Idadi inayotajwa inafika hadi watu 1,500. Moja ya maelezo yanayotolewa ni kwamba wanyama wa mawindo walikuwa wameuawa kuzuia sotoka, ugonjwa wa mifugo, isienee, simba wakakosa chakula chao. Nalitaja hilo kwa sababu swala na nyati wakiisha kwa ujangili, anayefuata ni ng'ombe wenu, kisha nyinyi.

Boma la miba linavunjika. Mradi wa wanyama walao nyama wa Ruaha, ulioanza mwaka 2009, umesaidia wafugaji huko kwenu kuzungushia maboma wavu wa chuma, na mkiweza kujipanga kwa vikundi mkaomba, ombeni. Hata hapo, ninavyoona mimi, kinachovunjika kwanza ni lango. Watu wanazungushia wavu mzuri halafu langoni wanaegesha tawi la mgunga. Lango liwe imara kama boma lenyewe, na ng'ombe wahesabiwe wakiingia.

---

Fundi Mafinga

Mkuu, mimi ni fundi wa kuchomelea. Kuna mtu amenipa oda ya vizimba vya chui na simba, anataka nitumie nguzo za mikaratusi na mbao za huku ili gharama ishuke, chuma kiwe milangoni tu. Anasema kibali chake kipo tayari. Ushauri wako? Sitaki mtu afe kwenye kazi yangu.

---

Zamu ya Asubuhi

Fundi, asante kwa kuuliza kabla ya kukata chuma.

Mbao zetu za Sao Hill ni nzuri kwa paa na kwa kivuli cha mnyama. Kwenye kizuizi chenyewe, kataa. Nguzo inayozama ardhini, hata iliyotiwa dawa, kwa mvua za Mufindi inaoza pale udongo unapokutana na hewa, na kuoza kunaanzia ndani ambapo huoni. Kwa chui kuna tatizo jingine: nguzo ya mti kwake ni ngazi. Anapanda na mzoga mdomoni, sembuse akiwa mtupu. Kizimba cha chui kiwe na paa la wavu wa chuma, kote, bila kuacha hata kona moja kwa ajili ya mti mzuri uliokuwepo. Kwa simba wasio na paa, uzio uwe wa mita nne na nusu hadi tano, juu umepinda kuelekea ndani, na chini wavu uingie ardhini au ukutane na msingi wa zege, kwa sababu wanachimba. Akitaka kuongeza waya wa umeme, sawa, lakini uwe na betri na sola, na usihesabiwe kama ukuta. Umeme ukikatika mvua ya radi ikipiga Mafinga, ukuta wako haujakatika?

Milango ya kuteremsha: itengeneze mizito kiasi kwamba simba hawezi kuuinua kwa mguu, kisha weka komeo linaloingia lenyewe ukishafika chini. Waya wa kuuvutia upite nje, mbali na makucha, na mpini wake uwe mahali ambapo mtu akisimama anaona mlango wenyewe. Hili la kuona ni muhimu sana. Nimeona mahali mpini uko nyuma ya ukuta, mtu anavuta kamba kwa kukisia. Kama lazima uwe nyuma ya ukuta, paka rangi kwenye waya: nyeupe ikifika kwenye alama mlango umefunga kabisa, nyekundu ikionekana bado. Na bado aende kuangalia.

Komeo liwe ambalo ukilitazama kwa hatua kumi unajua limefungwa au halijafungwa. Weka sehemu mbili za kufuli kwenye kila mlango anaopita mtu, kwa sababu ile ya pili nimeshaieleza ni ya nani.

---

Fundi Mafinga

Nimekuelewa. Kwenye milango ya watu naweka na komeo la chini pia, maana chuma kirefu kikisukumwa chini kinapinda hata kama juu kimefunga. Niliona kwenye geti la kiwanda. Swali la mwisho: milango ya watu ifunguke kuelekea wapi? Mteja anataka ifunguke nje ili toroli la samadi lipite vizuri.

---

Zamu ya Asubuhi

Komeo la chini umenifundisha, liweke. Milango ifunguke kuingia ndani kwa mnyama, fundi. Simba akiusukuma kwa uzito wake wote anaubana kwenye fremu yake mwenyewe, na ukifunguka nje anakutoa wewe na bawaba zako. Fremu iwe na mdomo wa chuma kuuzunguka mlango pande zote nne, bawaba zikae upande asioufikia, na vichwa vya nati vichomelewe. Toroli lipanulie mlango, ongeza sentimita chache upana. Mteja akikataa, mwonyeshe uzi huu, na akikataa tena iache hiyo oda.